Daktari Mada

Wanafunzi walimwita Daktari Mada. Alijua, na kusema kweli alilipenda jina hilo kuliko alilobatizwa. Akina Winifred Kirezi wangeweza kuwa wengi tu hapa Kigali. Daktari Mada alikuwa mmoja. Jina lilitokana na kalamu yake nyekundu. Tasnifu za chuo alichofundisha zinaandikwa kwa Kiingereza, hilo halina mjadala, lakini Winifred alikulia Bukoba na kufundishwa na walimu wasiojua kucheka, na kila alipomkuta mwanafunzi ametoka nje ya alichoulizwa, mkono wake ulirudi wenyewe kwenye Kiswahili cha shule ya msingi na kuandika pembeni mwa ukurasa: Mada? Basi. Hakuongeza neno. Mwenye akili angeelewa, na asiye nayo maelezo yangemsaidia nini.

Watu wa kukaa kwenye jambo moja wamekuwa adimu, na Winifred aliwadharau wengine wote kwa moyo mkunjufu. Unamuuliza kijana kwa nini wauguzi wa zahanati fulani hawanawi mikono, anaanza na kuumbwa kwa binadamu. Kisha dunia, kisha bara, kisha Afrika Mashariki, kisha nchi, kisha wilaya. Anashuka ngazi moja moja kwa madaha, na akifika kwenye bomba la ile zahanati karatasi zimeisha na pumzi imemwisha. Wote huandika hivyo. Kila mmoja amenakili kwa aliyemtangulia, na huyo alinakili kwa mwingine ambaye sasa ni marehemu. Winifred alikuwa akisema kwamba mtu anayeanza mbali namna hiyo ama hajui kitu ama anaficha kitu, na kwa uzoefu wake wengi hawakuwa na cha kuficha.

Aliyevunja rekodi alikuwa Mugenzi.

Mugenzi hakuwa kijana. Alikuwa na kitambi cha heshima, suti tatu, na kiti katika ofisi moja kule Kacyiru ambako alikuwa kaimu mkuu wa idara kwa muda mrefu hata watu wakasahau kwamba ni kaimu. Ili aache kukaimu alihitaji shahada ya pili. Ili apate shahada alihitaji tasnifu, na ili tasnifu ipokelewe ilihitaji saini ya msimamizi wake, ambaye kwa bahati yake mbaya alikuwa Winifred. Ameandika na kuandika tena kwa miaka, saini hajaiona. Mara hii ofisi ya masomo ilikuwa imetoa tangazo lisilo na huruma: asiyeleta kazi iliyosainiwa kufikia Ijumaa anafutwa kwenye orodha, na akitaka aanze upya na watoto wa mwaka wa kwanza.

Siku za kazi Mugenzi alikuwa mtumishi wa umma. Jumamosi alikuwa mtu mwingine kabisa. Hapa mjini ukitaka kumpeleka kijana wako kwenye gusaba, ile siku ya kwenda kuomba mchumba kwa wazazi wake, unatafuta msemaji, na wasemaji wa kweli wanahesabika. Kazi ya msemaji ni kutosema. Familia ya mvulana imekuja na magari, imevaa mishanana, zile shuka za sherehe za kufunga begani, kila mtu chini ya lile hema anajua wamefuata nini, lakini msemaji hana ruhusa ya kulitamka mapema. Anasalimia. Anasifu ng'ombe wa wenyeji. Anakumbusha kwamba babu wa huku aliwahi kumpa babu wa kule maziwa siku ya mvua. Msemaji wa upande wa pili naye anajitia hamnazo, anasema kwanza nyinyi ni nani, halafu anasema binti mnayemtaka amekwisha kuwa mtawa. Wanazungushana hivyo mpaka soda zinapoa na kupata moto tena. Mwenye kipaji anaweza kuwaweka wageni nusu siku bila mtu kupiga mwayo, na Mugenzi alikuwa nacho. Winifred alimshuhudia kwenye gusaba ya mpwa wake Umutoni, siku aliyokwenda bila kunywa chai. Kwa maoni yake yule mtu alisema mambo yote isipokuwa jambo.

Na alivyosema Jumamosi ndivyo alivyoandika. Mada yake ilikuwa swali la mstari mmoja: kwa nini Soko la Icyizere, lililojengwa katika bonde moja kati ya Remera na Kanombe kwa ajili ya wanawake waliokuwa wakitembeza maparachichi na ndizi barabarani, liko tupu. Vizimba vipo, paa lipo, vyoo vipo na vigae vyake. Wauzaji hawapo. Swali zuri, hata Winifred alikiri. Pendekezo la utafiti lilikuwa kurasa mbili zilizonyooka, na alilipitisha pamoja na rundo la mengine bila kusimama. Baada ya hapo mwandishi alipatwa na wazimu. Sura ya pili ilianza na misafara ya chumvi jangwani. Ya tatu ilieleza maana ya soko kwa Waafrika wa kale, kauri zilivyotumika, na ukarimu. Sura ya nne, ambayo ndiyo ilipaswa kujibu swali, ilikuwa na shukrani ndani yake, katikati, kwa wazazi wote wa taifa waliolea watoto wao vizuri.

Ofisi ya Winifred ilikuwa ya watu wawili. Mwenzake alikuwa Njeri, Mkenya wa Nakuru, mwalimu wa takwimu, mtu mwenye cheko la karibu. Saa ya chakula, Njeri akila sambusa na Winifred akila isombe yake, yaani kisamvu, kwenye kibakuli, Winifred alimsomea kurasa za Mugenzi kwa sauti ya gusaba, mkono mmoja kifuani, na Njeri alicheka mpaka akakohoa. Siku moja tu hakucheka. Aliuliza kwa nini mtu aliyeandika pendekezo lile, lililonyooka vile, apotee namna hii. Winifred alimjibu kwamba hakupotea, pendekezo alilinunua. Pale Remera kwenye vile vibanda vya kuchapa na kutoa kopi kuna watu wanaandika pendekezo la chochote ukitaka, wanakuuliza tu unataka rangi gani ya jalada.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho alimwita. Mugenzi aliingia na suti ya kijivu na salamu zake. Alimuulizia mama yake wa Bukoba, akaulizia mvua ya Bukoba, akamwambia Njeri kwamba Wakenya ni ndugu. Winifred alimwacha amalize kisha akafungua sura ya nne mezani na kuipiga mistari myekundu kutoka kona hadi kona, ukurasa baada ya ukurasa, mbele ya macho yake. Misafara ikaenda. Kauri zikaenda. Afrika nzima ikaenda. Alikuwa akifurahi na hakujaribu kulificha hilo. Alimwambia kwamba hakuna mtu anayeoa hapa, kwamba hizi si kurasa bali ni porojo zilizopigwa chapa, na kwamba mtu mzima anayeshindwa kujibu swali la mstari mmoja asitegemee kuongoza idara ya watu.

Mugenzi aliitazama kalamu, hakumtazama yeye. Kiswahili chake alikiokota Kanombe utotoni, kwa watoto wa wanajeshi, na alikitumia kwa uangalifu.

"Dogiteri," alisema, "kwetu neno ikiwa nzito, mtu anazunguka. Haiko kwamba hajui. Anazunguka ili mwenye nyumba asipate haya mbele ya watu."

Winifred alisema hapa hakuna mwenye nyumba. Kuna swali.

"Niandike jibu tu? Hata kama iko fupi?"

"Hata kama ni ukurasa mmoja."

"Hata kama iko mbaya?"

"Mbaya ni hii," Winifred alisema, akaisukuma ile sura iliyojaa wino. "Kaa kwenye mada, Mugenzi. Ukiniletea Afrika tena, sisaini."

Mugenzi aliinama kidogo, akachukua karatasi zake, akatoka bila kuaga vizuri. Njeri alisema kwamba huenda amemuumiza. Winifred alisema hao hawaumii, ngozi yao imezoea makofi ya harusini.

Ijumaa alirudi kabla ya chakula. Hakuulizia mvua. Aliweka mezani tasnifu nyembamba, ukurasa wa saini ukiwa juu, akakaa mikono magotini. Njeri alikuwa ndio kwanza anafungua mfuko wa sambusa zake.

Winifred alifunua sura ya nne na mstari wa kwanza ukampendeza papo hapo. Wa pili pia. Hapakuwa na dunia, hapakuwa na bara. Alihisi kile anachohisi fundi aliyepinda chuma kigumu, maana ni kalamu yake iliyofanya haya, si kingine. Akaamua Njeri asikie. Mara nyingi alikuwa amemsomea upuuzi wa mtu huyu, basi leo asikie Daktari Mada anavyoweza kumnyoosha hata msemaji wa harusi. Akakohoa kidogo, akaanza kutafsiri na kusoma kwa sauti.

"Soko la Icyizere liko tupu kwa sababu hakuna watu wanaopita pale. Lilijengwa pale kwa sababu utafiti wa awali ulisema watu wanapita kwa maelfu."

Alimtazama Njeri kuona kama ameona. Njeri alitikisa kichwa kwa kukubali, mdomo umejaa.

"Watu hao walihesabiwa siku moja tu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Njeri aliacha kutafuna. Amekaa Kigali muda wa kutosha, hakuhitaji kuelezwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda. Asubuhi maduka yamefungwa, magari na pikipiki hazitembei, kila mtaa umetoka na majembe na mafyekeo kuzibua mifereji, na baadaye wote wanaketi kwenye mkutano. Ukiisha, mtaa mzima unarudi nyumbani kwa miguu, kwa wakati mmoja, kwa njia moja. Ukisimama siku hiyo karibu na uwanja wa mkutano na kuhesabu vichwa, hata njia ya kwenda makaburini itaonekana inafaa soko.

Winifred aliendelea, ila sauti ilikuwa imepungua mwendo.

"Waliohesabu walikuwa wanafunzi wa mwaka wa pili, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku waliyokuwa na nafasi. Mwandishi wa tasnifu hii alikuwa mmoja wao. Alimpigia simu kiongozi wa utafiti, aliyekuwa Nairobi kwenye kongamano, akamweleza kwamba watu hawa wanatoka umuganda na Jumatatu hawatakuwepo. Kiongozi alimjibu kwamba kazi ya mwenye kuhesabu ni kuhesabu, na asitoke nje ya mada. Mwandishi alihesabu, akapokea cheti, na amenyamaza tangu hapo."

Sentensi iliyofuata hakuisoma. Aliitazama tu. Ilikuwa fupi, ya jina na kazi.

"Nani huyo kiongozi?" Njeri aliuliza.

Winifred alikumbuka, na aliona aibu kwamba alikumbuka upesi vile. Alikumbuka zulia la hoteli, sahani mkononi, simu iliyobanwa begani, na sauti ya kijana mmoja wa kiume inayojikanyaga kwa kutoa heshima nyingi kabla ya kusema shida yake. Alimkatiza kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Ripoti yenyewe iliita mahali pale eneo la pili. Jina la Icyizere lilikuja baadaye na rangi za ukutani, na yeye hakwenda kwenye uzinduzi wala hakupita tena bonde lile. Ripoti za namna ile ziliandikwa nyingi miaka hiyo, na nyumba yake ya Kanombe, yenye madirisha makubwa, ilijengwa kwa malipo yake. Hakuwahi kujiuliza masoko hayo yanaendeleaje. Alikuwa na tasnifu za kusoma.

Alimuuliza Mugenzi kwa nini hakusema kitu miaka yote hii. Aliuliza kwa ukali, maana ukali ndio uliokuwa karibu.

"Nilisema ile siku, kwa simu," Mugenzi alisema. "Kisha ukawa msimamizi wangu. Nikazunguka, Dogiteri, ilikuwa juu yako, usipate haya. Nikasema labda utachoka, utasaini tu. Wewe ukakata zote."

Hakuwa shujaa, tusimpambe. Kama Winifred angesaini zile kauri na misafara, Mugenzi angechukua shahada yake na ukuu wake wa idara, na soko lingebaki kulala popo, na wanawake wangeendelea kubeba mabeseni yao kichwani wakitazama nyuma wasije wakakamatwa. Alisema kweli baada ya kunyimwa njia ya kuikwepa. Lakini sasa alikuwa ameisema, na imelala pale mezani ikiwa na namba ya ukurasa.

Na Daktari Mada naye akaanza kusema.

Alisema sura ni nzuri, hilo halikatai, ila ni nyembamba. Tasnifu inahitaji upana. Msomaji wa nje asiyejua mazingira yetu anaweza kutuelewa vibaya. Alisema masoko barani Afrika yana historia ndefu, na mtu hawezi kulizungumzia soko moja bila kugusa, hata kwa ufupi, enzi za ukoloni na jinsi miji ilivyopangwa. Alisema yeye mwenyewe amekua akiliona soko la Bukoba, mama yake akiuza senene kwa msimu, na kwamba soko si jengo tu, soko ni uhusiano. Alisema majina ya watu si lazima, siku hizi wanaandika mtafiti mmoja. Alisema takwimu zina mipaka yake popote duniani, hata Ulaya. Akarudi kwa mama yake. Akapita Dar es Salaam, alikosomea, akamsifu mwalimu wake wa huko aliyefariki. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwake na ilikuwa ikizunguka hewani, haigusi karatasi.

Mugenzi hakumkatiza. Alisikiliza anavyosikiliza Jumamosi chini ya hema, kichwa kimeinama upande, uso hauna kitu, akimpa mwenzake nafasi yote ya kujifunga. Alingoja mpaka Winifred akakosa pumzi katikati ya sentensi kuhusu utandawazi.

"Dogiteri," alisema taratibu. "Mada?"

Sambusa ilikuwa bado mkononi mwa Njeri. Hakuwa akicheka. Alikuwa akimtazama Winifred kwa macho yaleyale ambayo kwa miaka walikuwa wakizitazamia kurasa za Mugenzi, na Winifred aliyatambua mara moja, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha kutazama hivyo. Hakuweza kuyavumilia. Akaangusha macho kwenye ukurasa wa saini.

Ofisi ya masomo haipokei wino mwekundu. Alipekua droo, akapekua mkoba, hakuwa na kalamu nyingine. Miaka yote hiyo hakuihitaji. Njeri alinyoosha mkono juu ya meza na kumpa yake ya bluu. Winifred alisaini. Herufi zilitoka ndogo.

Mugenzi alipuliza wino ukauke, akaingiza tasnifu kwenye bahasha, akasimama na kufunga kifungo cha koti. Winifred alijiandaa. Mtu huyu alikuwa akishukuru kwa kupewa kiti, alikuwa akishukuru mvua, ng'ombe, wazazi wa wazazi. Kwenye gusaba ya Umutoni shukrani zake peke yake zilimaliza soda. Kwa saini ya leo, aliyoitafuta kwa miaka, angekuwa na haki ya kusimama hapo mpaka jioni, na Winifred alijikuta anatamani asimame, aseme chochote, azunguke popote anapotaka.

"Murakoze," Mugenzi alishukuru, akafungua mlango akaenda zake.